Mama Chapa, Karani Aliyegeuka Kocha wa Tenisi

14 Machi 1951 – 9 Juni 2024

Wapendwa mliokuja kumsindikiza mama yetu, wengi wenu mlimwita Mama Chapa, na baadhi yenu hamkuwahi kujua kama ana jina lingine. Hata barua za chuo zilimjia hivyo. Basi na leo tumwite hivyo hivyo, maana ndivyo alivyozoea kuitika.

Mama Chapa alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho upande wa bomba la maji. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alishona sare za wafanyakazi hao, na binti huyu ndiye aliyekuwa akizipeleka kwa wenyewe. Siku moja alitumwa ng'ambo ya reli, na fundi hajamaliza hata kutunga uzi kwenye sindano, mtoto huyo hapo mlangoni.

"Umefika kweli, au umegeukia njiani?"

"Nimefika, baba. Mwenye suruali anasema mguu mmoja mrefu."

Tangu siku hiyo fundi alimpa nguo moja moja, akitumaini safari nyingi zitamchosha. Wapi!

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari hadi 1968. Alikimbia mita mia mbili, na hakupata kushika nafasi chini ya ya pili. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Haraka haraka haina baraka." Mama Chapa aliitunza ripoti hiyo maisha yake yote, na kila akiionyesha alisema methali ile lazima ilitungwa na mtu aliyeshika mkia. Mwaka 1972 alihitimu mafunzo ya uhazili akiwa wa kwanza kwa kasi katika darasa lake.

Jumatatu tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika masjala ya chuo cha ualimu, meza ya pili kutoka dirishani, dirisha lenyewe likitazama viwanja viwili vya tenisi na njia ya mbio iliyovizunguka. Alikaa hapo miaka mitano akipiga chapa. Mwaka 1979 kocha wa tenisi alihama katikati ya msimu, na Mkuu wa Chuo akaingia masjala akiuliza nani anazijua sheria za mchezo huo.

"Mimi," alisema Mama Chapa.

"Umewahi kucheza tenisi?"

"Hapana, Mkuu. Ila nimezipiga chapa sheria zake mara tatu, kwa sababu hukuridhika na nafasi ya pembeni mwa ukurasa."

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake Mama Chapa alikabidhiwa raketi sita, mbili zikiwa hazina nyuzi. Kwa wiki sita, kila saa ya chakula, alipiga mpira kwenye ukuta wa ghala la chuo, na wapishi wakawa wanahesabu mipira iliyopotea juu ya paa. Msimu wake wa kwanza timu ilicheza mechi kumi na moja, ikafungwa kumi na moja. Msimu wa pili ilishinda nne. Siri yake ilikuwa moja. Wachezaji wake hawakupenda kukunja magoti kwa mipira ya chini, basi yeye alisimama nje ya mstari akipaza sauti: "Mtaka cha mvunguni!" Nao uwanjani wakaitika, "Sharti ainame!" huku wameinama.

Tatizo lilikuwa kwamba msimu wa tenisi na msimu wa riadha iliangukia miezi ile ile, na chuo kilikuwa na rola moja tu ya kusawazishia viwanja. Aliyeing'ang'ania upande wa pili alikuwa mwalimu wa riadha, mrefu, mwenye filimbi shingoni na maneno machache.

"Mwalimu, kesho asubuhi rola yangu," alimwambia.

"Kesho nina wakimbiaji."

"Wako wanaweza kukimbia hata porini. Wangu mpira ukigonga kokoto unawaruka usoni."

Rola yenyewe ilikuwa nzito, haivutiki na mtu mmoja. Ikabidi waivute pamoja, kwanza kwa kununiana, baadaye kwa mazungumzo, mwishowe hata siku ambazo uwanja haukuwa na kasoro yoyote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1981, na sherehe ikafanyika katika bwalo la chuo. Wenzake wa masjala walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa miaka arobaini na miwili na nusu, wakajaliwa watoto watatu.

Jumamosi ya tarehe 17 Mei 1986 haiwezi kuachwa. Siku hiyo, katika mashindano ya vyuo, msichana mmoja aliyeitwa Kijiko kwa wembamba wake alikuwa na kazi mbili: fainali ya tenisi saa tisa alasiri, na saa kumi na moja kasoro robo kupokea kijiti cha mwisho katika mbio za mita mia nne mara nne. Chuo kilikuwa hakijawahi kunyakua kombe la tenisi. Mechi ilirefuka. Seti ya tatu, Kijiko akiongoza gemu nne kwa tatu, kipaza sauti kikaita timu za kupokezana vijiti. Wenzake watatu walikuwa wamesimama kwenye uzio, na bila mtu wa nne hawakuruhusiwa kukimbia.

Mwalimu wa riadha alikuwa nao pale pale. Hakumwomba mkewe chochote. Aliangalia saa yake, kisha akaangalia chini.

Mama Chapa alimsogelea msichana kwenye benchi. "Mwanangu, kombe hili liko mikononi mwako, na sitakulaumu ukilichukua. Unataka nini?"

Kijiko alijifuta jasho. "Kocha, wale wamefanya mazoezi mwaka mzima. Hawana mtu."

"Basi nenda."

Mama Chapa akamwendea mwamuzi, akasema chuo chake kimejitoa. Kijiko alikimbia na sketi yake ya tenisi, mpira mmoja umesahaulika mfukoni, akiwapita wawili. Walimaliza wa tatu.

Wapo waliosema amempendelea mumewe. Mumewe akajibu, "Kama huku ndiko kupendelewa, nashukuru kwa nafasi ya tatu."

Jumatatu Mkuu alimwita ofisini. "Umeliacha kombe limeshafika mdomoni."

"Mkuu, kombe tungeliweka kabatini. Wale wasichana watatu tungewaweka wapi?"

Mkuu akamwagiza apige chapa kalenda mpya: tenisi muhula wa kwanza, riadha muhula wa pili. Kombe la tenisi lilikuja mwaka 1988, na mara mbili zaidi kabla hajastaafu tarehe 31 Machi 2011.

Mwezi Februari 2023 Mama Chapa alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomwambia atembee hatua kumi, aliuliza, "Kwa dakika ngapi?" Akakataa kuanza mpaka mumewe alete saa. Alifika hatua mia na hamsini. Mwezi Mei mwaka huu moyo ulianza kuchoka, akalazwa siku tisa, akaomba arudi nyumbani. Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa kumi alasiri, alikunywa chai nusu kikombe, akamkosoa mkwewe namna alivyokunja shuka, akajiegemeza kwenye mto, akafumba macho. Mumewe alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti wawili, mmoja mkunga na mwingine fundi umeme, mwana mmoja, ambaye ni mwalimu, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja, dada yake wa mwisho, pamoja na wanachuo wa misimu thelathini na miwili, ambao wote aliwaita "mwanangu" na wengi aliwagombeza.

Katika miaka yake sabini na mitatu hatukumwona akikaa chini mpaka alazimishwe. Sasa tunamwomba Mungu atusaidie kumlazimisha. Apumzike, mama yetu, na mapumziko yake yawe ya amani.