Kilichokuwa Ndani ya Sufuria la Domina

Sogeza kiti, Irene, kaa huku upande wa sikio langu zima, na wewe Christopher ondoka hapo mlangoni, hukuja kusoma mita ya umeme. Kaa kitandani, miguuni pangu, nikuone. Ninyi wawili hamjakaa chumba kimoja tangu tumzike mama yenu, na aliyewafikisha hapo ni mimi, ndiyo maana nimewaita. Khalfan yupo pale kwenye kona na karatasi yake. Huyu baba yenu mdogo ni shahidi wangu, nikisahau atanikumbusha, nikidanganya atakohoa. Najua Kiswahili mnakielewa vizuri hata kama mmezoea kunijibu kwa Kiingereza, basi leo msinijibu kwa lugha yoyote, nitegeeni masikio tu mpaka nimalize, maana pumzi ninayoitumia sasa si ya kupoteza kwa mabishano.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ya Beltsville ni yenu nyote wawili. Mkitaka kuiuza iuzeni, mkitaka kukaa kaeni, mradi mkubaliane mkiwa mmeketi meza moja, si kwa kutumiana barua za mawakili. Mimi msinirudishe Bukoba. Shangazi zenu watapiga simu na kulia, waacheni walie, kisha waambieni nilimwahidi Domina kwamba nitalala ubavuni pake hapa hapa Maryland, na kwa Domina nimeshavunja ahadi za kutosha. Duka letu, mimi na Khalfan, la Langley Park lilijifia lenyewe tangu waanze kuchimba barabara kwa ajili ya ile reli yao, wateja wakawa hata mlango hawauoni. Kilichobaki ni mzani na kibao cha jina, vyote mpeni Khalfan. Mepesi yamekwisha.

Sasa lile zito. Ile bastola iliyokutwa ndani ya sufuria la mama yenu siku ya msiba wake ilikuwa yangu.

Usimtazame kaka yako, Irene, nitazame mimi. Na wewe Christopher usinifanyie ishara ya kunyamaza, umeninyamazia miaka minne, inatosha. Ilikuwa yangu, kwa jina langu, kwa alama zangu za vidole. Mnakumbuka mwaka tulioibiwa dukani. Saa nne asubuhi, jua linawaka, wakaingia vijana wawili, mmoja akampiga Khalfan kitako cha bastola hapo juu ya jicho, kovu mnaliona, na mimi nimesimama nyuma ya magunia ya unga nimekauka. Polisi walifika damu imeshaganda. Khalfan alifungwa bandeji akarudi kuuza samaki wakavu, akasema yeye silaha haitaki kwake. Mimi sikuweza kulala kwa aibu. Niliona haya kwamba rafiki yangu kapigwa mbele ya macho yangu na mimi sikuinua hata mkono. Basi nikaenda nikakaa darasani na watu wa umri wenu, nikafundishwa kulenga karatasi, nikapewa kibali, nikainunua, nikaifungia ndani ya kasha la chuma chini ya kitanda hiki hiki. Aliyejua ni Domina peke yake.

Na ninyi mkawa mnakuja hapa kila sikukuu kugombana. Christopher akitoka Falls Church na hoja zake za katiba, kwamba hii ni haki ya mtu, kwamba serikali haina ruhusa ya kumwacha raia mikono mitupu, na baba angekuwa nayo siku ile Khalfan asingepigwa. Irene ukitoka kazini na macho mekundu, ukimwambia kwamba wewe ndiye unayewapokea hospitalini wale watoto waliotobolewa kwa risasi, yeye hajawahi kumshikilia hata mmoja, na ulikuwa umebeba mabango mpaka mbele ya Bunge lao kule mjini. Nilikaa katikati yenu nikitafuna ndizi zangu, kila mmoja akidhani niko upande wake, na kitu chenyewe kiko hatua kumi kutoka pale mezani. Mama yenu alikuwa akinitazama. Nami nikijitia hamnazo, naomba chumvi.

Khalfan, hebu nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa hili ndilo nililowaficha, na nililifunga moyoni kwa sababu yako, Irene. Yale maradhi ya mama yenu yalipofika kwenye mifupa, mlimwona mkija akiwachekea, akiuliza habari za watoto, akiwatania. Mkishaondoka alikuwa analia bila sauti. Mwanamke aliyewainua wazee wa Kimarekani miaka ishirini, kuwaogesha na kuwageuza kitandani, sasa hawezi kujigeuza mwenyewe. Ikawa mwezi wa kumi na moja, namnywesha uji, akaniambia, "Eliudi, lile jambo lako bado liko chini ya kitanda?" Nikasema liko, kwa nini. Akasema aliuliza tu. Baada ya wiki akauliza tena. Mara ya tatu hakulia, hakupepesa macho, akaniomba nimwachie ufunguo mezani kisha niende kanisani peke yangu.

Sikwenda kanisani. Nilikaa chooni na ufunguo mfukoni mpaka saa za ibada zikaisha.

Wanangu, niliinunua kwa ajili ya wezi. Wezi hawakurudi. Katika miaka yote niliyokuwa nayo, mtu pekee aliyewahi kuitaka ndani ya nyumba hii ni mke wangu, tena ajifanyie mwenyewe. Irene, mama yako hakuigusa. Alikufa kifo chake, Jumanne ile, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wako, na zile dawa ulizompimia zilikuwa sawa, wala usianze leo kuhesabu ungeongeza ngapi. Nilijua utahesabu. Ndiyo maana nilifunga mdomo.

Ufunguo wa kasha yeye ndiye aliyeuficha nyuma ya picha yetu ya harusi tangu zamani, angeweza kumwagiza mgeni yeyote ampe, kwa hiyo kasha halikufaa tena. Kuipeleka bastola polisi sikutaka, wangeniuliza kwa nini, na nikisema kwa nini wangekuja kumhoji mgonjwa. Kukuita wewe, Christopher, ungemtazama mama yako kwa jicho lingine, naye angelijua. Ndipo nikalikumbuka sufuria. Lile kubwa la kupikia wali wa watu sitini, ambalo mama yenu alilitoa Dar es Salaam kwenye ndege limejazwa nguo, ambalo kila Mtanzania na kila Mkongo wa huku akifiwa huja kuliazima. Linakaa besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, rafu ya juu kabisa, na yeye ngazi za besimenti alishaziaga. Niliifunga bastola ndani ya khanga yake, nikaiweka humo, nikafunika. Nikajiambia hakuna hatari, maana likihitajika kwa msiba wa mtu hunipigia simu kwanza, na mimi ndiye huliteremsha kwa mikono yangu.

Nilipiga hesabu za misiba ya watu wote. Wa kwangu sikuupigia.

Siku ya msiba wako mwenyewe hakuna anayekupigia simu. Kina mama huingia, huvua makoti, hushika jiko, hawaulizi kitu kiko wapi kwa sababu wanajua. Na mfiwa huwekwa sebuleni, kwenye kiti, watu wanamshika mkono mmoja baada ya mwingine, haruhusiwi hata kuinuka kunywa maji. Nilikuwa nimekaa pale na kichwa kitupu, nalia, sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka. Khalfan usicheke, hata sisi Walutheri tunaapa. Nilikumbuka niliposikia mlio wa sufuria likigonga ngazi za besimenti, na wakati huo kuna mchungaji ameshika mkono wangu anasali, sala ndefu.

Aliyelifunua ni Goretti. Mwanamke aliyekimbia vita kule Uvira, Kongo, na watoto wake mgongoni, mama yenu akamfundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya kanisa. Aliona khanga ya Domina akadhani ni miiko ya kupakulia, akaifungua. Waliokuwepo wanasema hakupiga kelele. Aliiweka juu ya meza, akanawa mikono, akatoka mlango wa nyuma, theluji ya Februari, bila koti, akatembea mpaka kituo cha basi. Na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Domina, aliyewapikia watu wote wa huku misiba yao, wa kwake tulilishwa pitsa.

Ndipo ukaingia sebuleni, Irene, na khanga ya mama yako mkononi, bastola ndani yake, mbele ya waombolezaji, ukamuuliza kaka yako kama hiki ndicho alichokileta ndani ya nyumba ya mama. Ungemuuliza nani mwingine? Yeye ndiye aliyekuwa na hoja. Christopher akanitazama. Mimi nikatazama zulia. Nililijua zulia lile kama niliyelisuka mwenyewe. Akasema, "Ni yangu." Nikamwacha aseme. Nikasikia ukimwambia kwamba jeneza la mama hataligusa, nikamwacha akose. Walilibeba watu sita, na mwanangu wa kiume akatembea nyuma pamoja na wapwa na majirani kama mtu aliyekuja kutoa pole.

Hilo, wanangu, ndilo ninalokufa nalo. Bastola niliinunua kwa sababu ya aibu, na siku ya kusimama nikakauka vilevile, safari hii si nyuma ya magunia, ni mbele ya damu yangu.

Tangu siku hiyo, Irene, hujamtaja kwa jina wala kwa cheo chake. Ukija unaniambia "yule mwanao". Watoto wako hawamjui mjomba wao. Na huyo mwanangu, mwenye silaha zake tatu kule Virginia na hoja zake ambazo mpaka leo sijui kama nakubaliana nazo, ndiye aliyekirudisha kile kitu kwenye kasha usiku ule wa maziko na kuondoka na ufunguo. Hakuniuliza. Alinitazama tu usoni, akajua kwamba bila Domina nami nitaanza kuitaka kwa ajili yangu mwenyewe. Na niliitaka kama mama yenu, Christopher. Miezi mingi. Nililala juu ya kasha lile, na ufunguo ukiwa kwako, na hicho ndicho kilichonifikisha hapa nife kwa moyo uliochoka badala ya namna nyingine. Ijumaa iliyopita Khalfan alikuja, nikamwambia yote, akaniambia, "Mwambie yule binti kabla sijakuchukia." Hajawahi kusema hivyo tangu tufahamiane.

Basi agizo la kwanza. Kesho, nikiwa bado napumua, mfungue kasha, ninyi wawili, mwende polisi, na mhakikishe kitu kile kinakatwa vipande. Christopher, sikuambii utoe zako. Za kwako ni juu yako na sheria na usingizi wako, na kama utaendelea kugombana na dada yako juu ya hilo, gombaneni, lakini mezani, na mle pamoja. Naomba yangu tu. Nilikuwa na haki ya kuinunua, na ninayo haki ya kutaka isiachwe kwa mtu.

La pili. Msiba wangu... ngoja. Ngoja nivute pumzi.

Msiba wangu pikeni kwa sufuria lile. Msikodi jingine. Ila kabla halijatiwa maji, mwiteni Goretti. Irene, wewe ndiye ulifunue. Lipeleke kwenye mwanga, liinamishe mbele ya kina mama wote, waone mpaka chini. Waambie yote niliyowaambia hapa, na hata habari ya mama yenu, Domina angependa wenzake wajue alivyoteswa. Goretti akisema hapiki, msimbembeleze. Mpeni koti lake. Liko kabatini tangu siku ile, la buluu. Nilishindwa kulipeleka. Kila nikilishika...

Nibarikini na mimi niwabariki. Nipeni mikono, ya kulia. Mungu awape umri kuliko wangu na ujasiri kuliko wangu. Awape nyumba zisizo na kona ya kuogopwa. Watoto wenu wafiche peremende, wafiche alama mbaya za shule, wasiwe na zaidi ya hayo ya kuficha. Amina. Itikieni, hata Khalfan.

La mwisho. Jeneza. Christopher mbele, upande wa kulia. Si nyuma. Mbele. Na asiende mwenyewe, Irene... umwite wewe. Mbele za watu. Usiseme "mwanao". Sitakuwepo kuwa na mwana.

Sioni vizuri sasa. Taa imezimwa?

Mwite sasa hivi, nisikie. Kwa Kiswahili, kama ulipokuwa mdogo. Mwite kaka.

Sema tena. Sikusikia.