Bi Foleni, Aliyezipanga Rangi

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo, na mwenye chungu jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa muosha matangi katika kiwanda cha rangi. Narudia, muosha matangi. Miaka kumi na sita. Wenzake walimwita Bi Foleni, na alizikwa mwezi uliopita.

Tangi la kuchanganyia rangi ni kubwa, mtu mzima anasimama ndani. Kila rangi ikibadilishwa, linaoshwa kwa thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Sasa ofisini walikuwa wanafuata simu za wateja tu. Asubuhi nyeusi, saa nne nyeupe, mchana nyekundu, jioni nyeupe tena. Na kila mara Bi Foleni anaingia na brashi, anatoka macho mekundu kama katoka msibani. Thina chafu inamiminwa kwenye mapipa. Mapipa kumi na mawili kwa wiki. Yalikaa nyuma ya stoo, mengine yanavuja, na pale chini hata magugu yaligoma kuota.

Wakubwa waliumiza vichwa wayatupe wapi. Yeye akauliza lake: kwani lazima yajae? Tukianza na nyeupe, ikaja njano, ikaja nyekundu, nyeusi ikafunga kazi, katikati hapo tunaosha nini? Rangi nazo zipange foleni kama watu. Mpanga ratiba akacheka mpaka akafuta machozi. Akamwambia mama, wewe shika brashi yako.

Ehe. Hakumjua mama huyu alivyo mtundu. Kesho yake akaviringisha pipa moja la thina chafu mpaka chini ya dirisha la mpanga ratiba, akafungua kifuniko, akaenda zake kunywa chai. Chai haijapoa, bwana yuko nje kashika kichwa, anauliza nani kamwekea uchafu huu.

"Ni wa kwako," Bi Foleni akamjibu. "Mimi huwa nakutunzia tu."

Wiki ileile rangi zikapanga foleni. Hata thina iliyooshea nyeusi haikumwagwa yote, nyingine iliwekwa, ikachanganyiwa nyeusi ya wiki iliyofuata. Mapipa kumi na mawili yakawa matatu. Matatu, wasikilizaji wapendwa.

Mumewe, fundi baiskeli, anasema ugonjwa huo wa foleni mkewe aliuleta mpaka nyumbani. Siku moja watoto wananawa kwa beseni moja, naye akajisogeza mbele. Mke akamshika bega. "Baba watoto, una grisi mpaka masikioni. Kaa mwisho." Mzee alicheka akinisimulia. Halafu akainamia gurudumu alilokuwa anatengeneza.

Maana wakati ule thina ilikuwa imeshamwingia mkewe. Mikono ilianza kutetemeka, ikawa hata uzi hautungiki kwenye sindano. Daktari akamkataza kabisa kuinusa. Kiwandani wakamhamishia kubandika lebo, na brashi ikashikwa na binti yake wa kwanza. Kazi hazipatikani, mtafanyaje?

Tangu hapo roho ya mama ilikuwa juu juu. Foleni ikifuatwa, binti anaingia tangini mara moja kwa wiki. Foleni ikivunjwa, anaingia kila siku. Basi mama akaomba kitu kimoja: tangi la pili, la nyeusi peke yake. Aliomba mara mbili. Mara mbili akaambiwa asubiri.

Ikaja siku ya mteja mkubwa. Nyeusi itoke asubuhi, nyeupe itoke kabla ya jioni, tangi ni lilelile. Binti alikuwa ameshavaa buti. Mama akaacha lebo zake, akaja, akamnyang'anya brashi.

"Mama, daktari amekukataza."

"Daktari haoshi matangi. Toka hapo, mapafu yako bado mapya."

Akaingia. Binti alisikia brashi inakwangua, inakwangua, kisha haikwangui. Walimtoa kwa kamba. Alifariki siku ya pili, hospitalini.

Tangi la nyeusi sasa lipo. Liliwekwa wiki tatu baada ya mazishi.

Kwa fundi, kwa wanawe, kwa kina mama wa chumba cha lebo, sisi wa hapa redioni tunawapa pole. Pole sana. Na wewe unayesikiliza, kesho ukifika kazini, kabla hujauliza uchafu huu tuutupe wapi, uliza umetoka wapi, na kama ulikuwa na haja ya kuwepo.

Nilimuuliza binti yake niseme nini kuhusu mama. Nilitegemea aniambie nimsifu. Alikuwa anakunja kanga ya marehemu mapajani.

"Usiseme alikuwa jasiri," akaniambia. "Mama alikuwa anaogopa, nilimwona. Sema lile tangi halikuwa na sababu ya kuchafuka siku ile."