Nyumba Kumi Kichwani mwa Saumu

Benchi la kijiwe cha Magomeni, ile ya huku kusini, lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya duka la ushirika, na asubuhi ile Mzee Thabiti aliketi hapo na barua yake. Alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini, katika kisomo cha watu wazima, na tangu hapo hakumwachia mtu karatasi yake. Barua ilitoka kwa daktari wa Dar es Salaam, ikimhusu mjukuu wake Saumu, ambaye kifafa kilimwangusha kila juma ijapokuwa vidonge alivimeza bila kukosa. Hadija, mama wa mtoto, alitaka kumwachisha shule. Jibu la babu lilingojwa kabla ya kengele ya shule.

— "Hu-en-da," Mzee alisoma, kidole kikifuata mstari, "seli chache za ubongo wake ziliumbika vibaya tangu tumboni. Hizo ndizo ziwashazo kifafa, na vidonge havizitulizi."

— Seli? akadakia Athumani, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Nimelala seli ya polisi mimi! Mahabusu mmoja akigonga mlango, kituo kizima hakilali.

— Hujui kitu, akasema Hamisi, mjumbe wa nyumba kumi. Kwa Kiingereza cha chama, seli ni nyumba kumi. Mtoto ana mjumbe mkorofi kichwani. Anapiga ngoma ovyo, majirani wanatoka mbio, mwili unatikisika.

— Kama wewe siku ya mkutano! akadakia Redio.

— Cheka tu. Vidonge vinaubembeleza mtaa mzima, kumbe mwenye ngoma ni kiziwi.

— Basi ni operesheni, kama ile ya kuhamishia watu vijijini, akasema Filipo, utingo wa lori. Pakia nyumba hizo kumi tu, na mapaa yake, shusha kijijini Mahurunga zikalime mihogo.

— Lori lipite wapi, sikioni? akauliza Redio.

— Puani. Kuna barabara mbili!

Mzee Thabiti alicheka hadi kahawa ikamlowesha kanzu, na ndipo alipotambua kwamba leo hakuna aliyetaja shetani, kama walivyozoea kila Saumu alipoanguka.

Saumu akatokea, kavaa sare, daftari kwapani.

— Shikamooni. Babu, mama anauliza, niende au nivue sare?

— Marahaba. Ngoja kidogo, mjukuu wangu.

— Na hizo nyumba kumi mnazozisema... mimi mwenyewe nakaa nyumba ipi?

Hamisi, aliyeujua kila mlango wa mtaa, akaanza kuzihesabu kwa vidole, akapotea kwenye ya tatu.

Mzee akaikunja barua, akasimama.

— Hapa hakuna anayejua. Twende shuleni ukamuulize mwalimu, nami nimwonyeshe namna ya kukulaza ubavu ukianguka.

— Mzee, kahawa yako! akaita Redio.

— Mpe mjumbe, apunguze ngoma.