Mama Renatha Aliyeomba Shukrani Yake Irudishwe

Kama una chungu jikoni, punguza moto kidogo, uje ukae. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Renatha Kaijage wa Igogo, hapa Mwanza. Mama Renatha, muuza ndizi. Mama Renatha, mwanakwaya wa sauti ya kwanza, ambaye, tusifichane, sauti yake ilipanda juu kuliko wimbo wenyewe. Amefariki wiki hii, na tumeshamzika.

Alizaliwa Kagera, kwenye migomba ya baba yake. Akaolewa na Bwana Kaijage, karani wa reli, akashuka melini Mwanza akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Alidhani huku hatujui kula. Miaka ile ya Ujamaa, wakati sisi wengine tulipanga foleni ya unga wa njano, Mama Renatha alipokea ndizi bandarini, akauza, na akipita kwa jirani mwenye njaa alisahau kwa makusudi kichane kimoja mlangoni.

Nyumba yake ilikuwa mlimani, katikati ya mawe. Mnaijua Igogo. Mtu anajenga kuta tatu, wa nne anauachia mwamba. Chini yake kidogo alikaa Dorotea, mwanamke kijana wa Kisukuma, na mumewe Nkwabi, fundi baiskeli. Walikuwa na mtoto mmoja, Mihayo. Mihayo alikuwa wa miaka minne, na Mama Renatha alimwita mume wangu mdogo.

Sasa sikilizeni vizuri. Masika ya mwaka sabini na saba mvua ilinyesha mfululizo hadi udongo wa mlimani ukalegea. Mchana mmoja jiwe kubwa likang'oka huko juu. Likaja moja kwa moja kuelekea nyumba ya Mama Renatha, naye akiwa ndani na watoto wake. Lilipofika nyuma ya jiko lake likagonga mwamba, likageuka. Likaiacha nyumba ya Mama Renatha, likaiangukia nyumba ya Dorotea. Dorotea alikuwa nje akikinga maji ya mvua. Mihayo alikuwa ndani, amelala. Mihayo alikufa pale pale.

Walimzika kesho yake. Bwana Shantilal, mwenye duka la vitambaa kule Mirongo, alituma nguo nyeupe ya kumzikia, wala hakuuliza mtoto ni wa dini gani.

Jumapili ikafika. Mnajua desturi yetu. Mtu akinusurika, anapeleka shukrani kanisani. Mama Renatha akabeba mkungu wa ndizi na jogoo, akasimama mbele ya waumini. Akasema kwa sauti ile ile ya kwanza: "Namshukuru Mungu aliyeligeuza jiwe lisiingie mlangoni kwangu." Watu wakapiga makofi. Vigelegele vikapigwa.

Dorotea alikuwa mle kanisani. Alikuwa ameketi benchi la nyuma, na kitambaa cha msiba kichwani. Akasimama, akatoka nje taratibu.

Mama Renatha alimwona mgongo tu. Mwanawe mkubwa, Kahigwa, anasema mama yake alirudi kwenye kiti chake akiwa kama mtu aliyemwagiwa maji, na siku ile hakuimba tena. Jioni akashuka kwa Dorotea, ambaye yeye na mumewe walikuwa wamehifadhiwa na balozi wa nyumba kumi. Kwa kawaida Dorotea alimwamkia kabla hata hajafika mlangoni. Siku hiyo hakukuwa na shikamoo.

Dorotea alimwuliza swali moja. "Mama Kahigwa, huyo Mungu alipoligeuza jiwe kwako, hakuona lilikokuwa linaenda?"

Mama Renatha akakaa chini, kwenye mkeka. Hakuokota jibu la uongo. Wakalia wote wawili mpaka giza likaingia.

Lakini mtaani majibu yalikuwa tele. Mzee Ndalahwa, mzee wa kanisa, alisema wazi kisimani kwamba Dorotea na Nkwabi hawajafunga ndoa, na Mungu si wa kuchezewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wasikilizaji. Nyumba ya Mzee Ndalahwa ilikuwa tambarare, mbali na mawe. Maneno yake yakamfikia Dorotea. Akamwambia mumewe kwamba yeye na kanisa basi, na kwamba hataki kuona mtu wa kanisa akikanyaga kaburi la mwanawe.

Hapo ndipo Mama Renatha alipokwenda kwa Padre Venant.

"Padre, nimekuja kuomba shukrani yangu irudi."

Padre akacheka, akidhani ni mzaha. "Mama, jogoo tumeshamla."

"Jogoo nimewasamehe. Naomba neno langu."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Renatha."

"Hayazoleki, Padre. Lakini aliyemwaga anaweza kupangusa sakafu."

Padre Venant alikuwa mtu mwema. Akamwambia atampa nafasi Jumapili, baada ya komunyo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa desturi yetu hakuna aliyewahi kurudisha shukrani. Bwana Kaijage alimsihi mkewe asiwaaibishe. Mama Renatha akamjibu kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, aibu nimeshaifanya. Hii ni dawa yake." Akaenda. Akasimama mahali pale pale, mikono mitupu. Kahigwa anayakumbuka maneno ya mama yake mpaka leo.

"Wiki iliyopita nilimshukuru Mungu kwa kuligeuza jiwe. Jiwe liligeuzwa na mwamba ulio nyuma ya jiko langu. Likamwua mtoto wa Dorotea. Mungu ni baba. Baba gani anamsukumia mtoto huyu jiwe ili amponye yule? Shukrani ile ilikuwa mbovu, naiondoa."

Mzee Ndalahwa akainuka, akauliza kama dhambi siku hizi haina mshahara. Mama Renatha akamgeukia kwa heshima. "Shikamoo, mzee. Yesu naye aliwataja watu walioangukiwa na mnara. Alikataa kusema walikuwa wakosaji kuliko sisi tuliobaki. Mimi ni nani niseme?" Halafu sauti yake ikakatika. "Kwa nini jiwe lilianguka, sijui. Ninaloamini ni kwamba Mungu alikuwa chini ya ukuta ule, na Mihayo. Hakuwa jikoni kwangu akilinda masufuria."

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini ibada ilipokwisha, wanaume walichukua majembe, wakaenda kumsaidia Nkwabi kuondoa kifusi. Mzee Ndalahwa alifika wa mwisho, akabeba matofali pamoja nao.

Dorotea alisimuliwa. Kesho yake asubuhi Mama Renatha alipopita kwa balozi na ndizi zake, alisikia kutoka ndani, "Shikamoo, mama."

Dorotea na Nkwabi walihamia Buhongwa baadaye, mbali na mawe. Mama Renatha aliwafuata huko miaka yote, leo kwa ndizi, kesho kwa mikono mitupu. Hakumwambia Dorotea arudi kanisani hata mara moja. Wanakwaya wakamtania, mbona humrudishi kondoo? Alisema, "Niliyemfukuza zizini ni mimi. Kazi yangu ni kumpelekea majani." Dorotea alirudi mwenyewe, baada ya miaka mingi, na anasema swali lake alirudi nalo.

Wiki iliyopita Dorotea alikwenda kumwona mgonjwa. Alimlisha uji, akamfuta mdomo. Kisha akamwambia, "Mama Kahigwa, sasa unakwenda kwake. Umwulize."

Mama Renatha alimshika mkono. "Nitamwuliza, mwanangu. Lakini kwanza nitamtafuta Mihayo."

Kahigwa na ndugu zako, poleni sana. Mama yenu alikuwa mama wa mtaa mzima. Nasi tuliobaki, mvua bado zitanyesha na mawe bado yako mlimani. Likikupita, mshukuru Mungu, ni haki yako. Ila geuka kwanza, utazame limeishia kwa nani, uende.

Na wewe, Mama Dorotea wa Buhongwa, najua redio yako iko wazi. Leo umefiwa tena. Pole, mama.