Meja Sokwe, Bi Arusi Korongo na Kazi ya Ngari

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani yetu ya Wanyama hapa Kitale, Mchungaji, walimu na wanafunzi, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna pilau: nawasalimu nyote, kila mtu kwa cheo chake.

Naitwa Festus Mukhisa, wa Kabuchai. Leo nastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kulisha wanyama, na nimeombwa niwaeleze wanafunzi tofauti ya sokwe na korongo. Sikusoma mbali, lakini nimefagia vizimba vya wote wawili.

Vitabu vinasema sokwe ndiye ndugu yetu: ana vidole, ana kicheko, ana kinyongo. Korongo ni ndege wa bwawani, miguu mirefu, taji kichwani, akili kidogo. Nilikubali hivyo mpaka Januari ya mwaka huu wa 2008.

Sokwe wetu, Meja, alitunzwa na Ngari, mfanyakazi mwenzangu mwenye asili ya mkoa wa Central. Wageni walikuwa wakimrushia sigara na kumpa pombe ya busaa, kwa hivyo mimi mwenyewe nikashauri afundishwe kukataa chakula cha mkono wowote usiokuwa wa Ngari. Kamati ikanipigia makofi. Bi Arusi, korongo wangu, hakufundishwa lolote.

Kisha matokeo ya kura ya urais yakatangazwa, watu wa Central wakaanza kufukuzwa majumbani, na vijana wakaja langoni.

"Mzee, yule wenu wa Central yuko wapi?"

"Ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Si nyinyi ndio mlimfukuza? Mniambie nyinyi."

Ngari na mkewe Wahu walikuwa tayari kwenye hema la kambi ya wakimbizi, pale uwanja wa maonyesho. Vijana wale wakamtupia korongo mahindi. Alikula. Alikula hata mkononi mwao, akacheza, akainamisha shingo, akaomba tena. Wanafunzi, huyo anafanana na nani? Msijibu, wakubwa wenu wamekaa mbele.

Meja hakula. Siku ya tatu nikavaa koti la Ngari, nikauma ndizi kwanza kama afanyavyo yeye, nikamnyooshea. Alinitazama kama karani anavyotazama kitambulisho cha kuazima, akanipa mgongo. Nikaenda kambini.

"Anakula?" Ngari akauliza.

"Hali."

"Mwambie nakuja."

"Nimwambie kwa lugha gani, bana? Njoo mwenyewe."

Alikuwa tayari. Kilichokosekana ni gari la bustani na askari wawili, na Mwenyekiti wetu, mtu wa utaratibu, akasema jambo hilo lingoje kikao cha Jumatano. Kikao kilikuwa kizuri. Kulikuwa na chai. Gari lilitoka Alhamisi. Meja alikuwa amekufa Jumatano asubuhi, kabla ya maombi ya kufungua kikao. Ngari alichimba kaburi peke yake, askari wakimlinda dhidi ya majirani zake.

Ripoti inasema Meja alikufa kwa homa. Inasema pia kwamba Ngari aliacha kazi bila ruhusa, ndiyo maana miezi kumi na moja sasa anaomba kazi yake na lango halimfungukii. Bwana Mwenyekiti, mtu anayekimbia panga aombe ruhusa kwa nani, na kwa fomu ipi?

Sheria yetu inasema nafasi ya anayestaafu haijazwi mpaka yeye atie sahihi. Karatasi ni hii, na sijatia. Nikitia leo, kazi ataipata mpwa wa mtu fulani. Hata viatu vya mpira ameshapimwa. Ngari yuko pale nyuma, karibu na sufuria. Hakupewa kiti. Andikeni jina lake kwenye nafasi yangu mbele ya watu hawa, nami nitasaini hapa hapa. Mkikataa, kesho saa kumi na mbili asubuhi niko kazini, na miaka yangu sitini na moja na mgongo huu mbovu, na mtanizika na fagio mkononi.

Kwa masikio yenu, asanteni. Mwenyekiti, usikae kwanza. Kalamu ninayo; tunakungoja wewe.