Turubai Lililohesabiwa Kuwa Ghala

Mheshimiwa Meya wa jiji letu la Karachi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ardhi, ambaye leo nafurahi kumwona akitabasamu mchana kweupe. Waheshimiwa madiwani mliowahi, na ninyi mlioingia kwa nyuma mkidhani sijawaona. Wazee wa Gulnarabad. Mama zangu na dada zangu mliojichukulia kivuli chote mkatuachia jua sisi wakubwa wa meza kuu. Na ninyi watoto mliopanda ukutani, ambao nimeshawaambia mara mbili mshuke: assalaam aleikum nyote.

Mwenye ratiba amekuja kuninong'oneza, kwa adabu kabisa, "Dada Farkhanda, fupisha, biryani iko tayari." Nami nimemjibu kwa adabu hiyohiyo kwamba nimepima ardhi ya mji huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nimefukuzwa na mbwa, nimemwagiwa maji ya kufulia kutoka ghorofani, na leo ndiyo mara ya kwanza napewa kipaza sauti. Biryani ingoje.

Ndugu zangu, sensa ya viwanja vya umma ilianza na swali moja jepesi: mji wetu una nini? Mama yeyote hapa nikimuuliza ana masufuria mangapi atanijibu bila kuangalia kabatini, na atanitajia lile lililoazimwa na jirani likakaa huko. Lakini mji mzima huu, wenye watu wasiohesabika, uliulizwa una bustani ngapi, viwanja vingapi vya michezo, ukabaki kukuna kichwa. Basi tukaagizwa tukahesabu, na ili tusizeeke njiani tukapewa droni ipige picha kutoka angani.

Na tukairusha lini? Desemba! Niambieni, wana Karachi, ni nani mwenye akili zake anayepiga picha viwanja vya mji huu mwezi wa Desemba? Joto limepungua, ndugu wa Dubai wamepewa likizo, kila mwenye binti na kila mwenye kijana wa kuoza anakimbizana na wenye maturubai. Leo hina, kesho ndoa, keshokutwa karamu ya walima. Turubai likishasimama halishuki mpaka sherehe zote ziishe. Na linasimamishwa wapi? Kwani tuna kumbi sisi? Uwanjani! Droni ikapita juu, ikaona paa, kompyuta ikaandika: jengo. Mtaa wa pili, paa refu, jengo tena, aina: ghala. Kompyuta haijawahi kualikwa harusini, itajuaje?

Taarifa ya kwanza ilipotoka nilishika kichwa. Mji ulikuwa umemeza viwanja vyake, na hakuna aliyejua kwa nini, mpaka mchora ramani wetu, Bwana Iqtidar, alipoketi na zile picha na chai yake. Yule pale. Msihangaike kumtafuta, fuateni tumbo. Mara akaweka kikombe chini.

"Dada," akasema, "hapa wameandika ghala."

"Naona."

"Si ghala hili. Mimi hapa nilikula."

"Ulikula nini ghalani, Iqtidar?"

"Korma, dada! Walima ya mtoto wa shemeji yangu. Hebu angalia paa, nyekundu, njano, kijani. Umeona wapi ghala la mistari?"

Nikamwambia, "Rudi kwenye picha zote, unionyeshe umekula wapi na wapi." Jamani! Kumbe bwana yule ameula mji mzima. Alikuwa anaweka kidole tu: hapa nilikula, hapa nilikula, hapa pilau ilikuwa na mafuta mengi, hapa walituchelewesha. Tukatoka kwa miguu, mtaa kwa mtaa. Kila tulikofika turubai lilikuwa limeshashuka na watoto wanacheza kriketi, nasi tunafuta "jengo" tunaandika "uwanja". Kazi ikawa raha, hadi tulipofika hapa Gulnarabad.

Hapa hatukukuta watoto. Tulikuta ukuta mpya, geti la chuma na paa la mabati. Tajiri mmoja, ambaye jina lake silitaji kwa sababu leo ni siku ya furaha na kwa sababu wakili wake ana mikono mirefu, alikuwa ameipata taarifa yetu kabla hatujaisahihisha. Akasoma: Gulnarabad, jengo. Wiki ileile akamwaga matofali. Tulipombana, akatutolea picha yetu wenyewe. "Ghala langu liko hapa siku zote, dada. Nyinyi wenyewe mmelipiga picha."

Nikamwambia, kwa jina tunalowaitia matajiri wote, "Seth sahibu, kwenye picha paa lina mistari ya rangi tatu. Lako ni bati tupu."

Hakupepesa jicho. "Zamani nilikuwa napenda rangi," akasema.

Ninyi mnajua mlichopoteza kuliko mimi. Hapa mlisalia maiti wenu, hapa kina mama mlitembea alfajiri kufukuza sukari ya damu, hapa wasichana wa timu yenu walikuwa wanafanya mazoezi bila kusumbuliwa na mtu. Mama mmoja, yuko hapa leo, alinishika mkono pale getini akaniambia, "Binti yangu anacheza mpira barabarani siku hizi. Kila lori likipiga honi nasikia moyo umedondoka." Nikarudi ofisini na hasira zangu.

Kamati nayo ikasema maneno ya kisheria, na sikuwalaumu: tuletewe ushahidi kwamba siku ya picha hapa palikuwa na turubai, la sivyo kiwanja kinatoka kwenye orodha ya umma na hakirudi. Mashahidi? Seth alikuwa na wake, tena wamevaa vizuri kuliko ninyi. Mwenye maturubai? Alishikwa na usahaulifu wa ghafla, maskini, hata jina lake alilikumbuka kwa shida. Nikawauliza ninyi, "Harusi ya siku ile ilikuwa ya nani?" Mtaa mzima ukatazama chini. Mlidhani sikuona?

Mke wa Fundi Kifayatullah ndiye aliyeninong'oneza baadaye: ilikuwa harusi ya binti yao, Nazneen. Kwa faida ya wageni wetu, Fundi Kifayat ndiye anayetengeneza mabasi yote yapitayo barabara ile kubwa, na ni mtu ambaye akikohoa tu, dereva anazima injini mwenyewe. Nikamfuata gereji. Alikuwa chini ya basi, ikabidi nizungumze na miguu.

"Fundi, nataka video ya harusi ya Nazneen."

"Sina."

"Hakuna harusi isiyo na video."

"Ilifutika."

"Mkeo amesema iko kabatini, chini ya mashuka."

Miguu ikatulia. Akatoka taratibu, amejaa grisi, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Dada, chukua basi hili. Chukua gereji. Ile video hapana."

Nikadhani naelewa. Nikamwambia, "Ni kwa sababu ya kina mama? Nakuapia, tutakata yote ya ndani ya turubai. Nahitaji ya nje tu."

"Huko nje ndiko kwenye balaa!" akasema.

Hakutaka kueleza zaidi. Mkewe, aliyekuja gereji kumletea chakula, ndiye aliyempigia simu Nazneen, kule mji wa Sukkur alikoolewa, akaweka sauti ili tusikie sote. Yule binti ana ulimi, mashallah. "Baba," akasema, "mle mimi nimejifunika toka utosini hadi kidole cha mguu. Wewe ndiye hukujifunika."

"Nazo, mimi nina heshima yangu mtaani. Wakiniona vile, nani ataniogopa tena?"

"Kwa hiyo wakuogope tu, uwanja uende? Baba, pale ndipo ulipokuwa unanishikia kiti cha baiskeli, unakimbia nyuma yangu na ndala mguu mmoja. Nikijaliwa mwana nikaja naye, nitamfundishia wapi? Ghalani?"

Akakata simu, baba mtu. Akaniambia, "Nitafikiri," akarudi chini ya basi. Sikuwa na nguvu ya kubishana na miguu tena.

Siku ya kikao ikafika, nami mikono mitupu. Mwenyekiti akauliza, "Ushahidi?" Nikasimama nikaanza kumung'unya maneno, wakili wa Seth anatabasamu, mimi machozi yananikaribia. Mlango ukafunguka. Akaingia Fundi Kifayat, vazi lake la shalwar kamizi jeupe limepigwa pasi, masharubu yamepakwa mafuta, mkononi ana flashi ndogo ameishika kama ameshika nge. Nyuma yake madereva wote, kwa kuwa mtaa huu hauna siri. Akawageukia. "Atakayecheka," akasema, "breki zake atafunga mwenyewe."

Tukawasha. Mnakumbuka ilikuwa harusi ya mchana, kwa vile upande wa bwana harusi walikuwa wanawahi treni. Ni alasiri, jua lipo, na pembeni tarehe ni ileile ya picha yetu. Bibi harusi anatolewa, Kurani imeinuliwa juu ya kichwa chake kwa baraka, nyuma yake turubai: nyekundu, njano, kijani. Nilitaka kupiga kelele hapohapo. Lakini mpiga video, Mungu ambariki kwa umbea wake, akageuza kamera kumtafuta baba. Baba hayupo. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia, kumbe huyu hapa, ameikumbatia nguzo ya goli iliyofungiwa kamba ya turubai, na analia. Wala si yale machozi ya kupangusa kwa kiganja ukasingizia vumbi. Analia kwa sauti, kilemba kimedondoka, "Nazo wangu! Mnampeleka wapi Nazo wangu!" Wanaume wazima wanamvuta, nguzo haiachii.

Hakucheka mtu. Fundi alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, anatazama viatu vyake, masikio mekundu. Mwenyekiti akaomba video irudishwe nyuma. Nikadhani hajaiona tarehe. Akaomba tena. Alipoomba tena nikamwona anatafuta leso mfukoni. Mheshimiwa, usinikazie macho. Nawe una mabinti, watu wote hapa wanajua.

Wakili akasimama. "Nguzo za goli zimejaa Karachi nzima. Hii inathibitisha nini?"

Fundi akainua kichwa. "Hiyo nimeichomelea mimi, kwa mabomba ya basi lililokufa, na mchoraji wetu wa mabasi akaichora tausi toka chini mpaka juu, huyo anayeonekana hapo kwenye video. Nenda ukatafute Karachi nzima, ukiipata nyingine yenye tausi niite mwongo."

"Basi twendeni," Mwenyekiti akasema, akachukua kofia yake.

Tukaja sote, kamati, wakili, madereva, Iqtidar akihema. Geti likafunguliwa. Ndani magunia mpaka juu, giza, vumbi. Mtu akamulika kwa simu. Na pale katikati, jamani, Seth kwa ubahili wake alikuwa hakununua nguzo mpya. Alilisimamisha paa lake juu ya goli letu! Tausi yule pale, shingo ya bluu, mkia wa kijani, amebeba mabati ya wizi kichwani. Shangwe mliyopiga siku ile niliisikia masikioni mpaka nyumbani. Wakili alitafuta funguo za gari. Seth alimtazama tausi, tausi akamtazama Seth.

Leo mabati hayapo. Ukuta haupo, isipokuwa kile kipande mlichokalia ninyi watoto msiosikia. Na orodha ya viwanja vya umma vya mji huu, kwa mara ya kwanza, imetimia, imetiwa saini, na Gulnarabad imo.

Sasa namalizia kweli. Katika kazi hii yote, kila mtaa nilioingia nikauliza, "Kiwanja hiki ni cha nani?", nilijibiwa, "Hakina mwenyewe, dada, ni cha umma." Nami, nisiwafiche, nikawa najiuliza njiani. Umma ni nani? Anakaa nyumba gani? Ikiibiwa mali yake, unambishia hodi mlango upi? Kwa hiyo wajanja walichukua, kwa kuwa hakuna anayejiona mwizi akimwibia mtu asiye na uso. Lakini mimi mwenye kiwanja nimemwona. Aliingia kwenye kikao kilichojaa watu wanaomwogopa, akawaacha wamwone analia, ili watoto wasio wake wapate pa kuchezea.

Fundi Kifayatullah, usiinamishe kichwa, hakuna anayecheka. Kwenye orodha yetu kuna mahali pa jina la mwenye mali. Sheria inataka tuandike "umma", na tumeandika hivyo. Ila mimi kila nikifika mstari huo, naona jina lako.

Nakuomba uje ulifungue rasmi goli hili, ukiwa umelia au hujalia, ni juu yako. Nanyi nyote, kwa kunistahimili na kunisikiliza, asanteni sana. Wasichana wa timu, ingieni. Sisi wengine tupishe, wenyewe wanataka kucheza.