Tarishi Hataki Kiti

Mheshimiwa Bwana Phineas Kamau, Mkuu wa Tarafa yetu, D.O. wetu, pamoja na mkeo Bi Wamuyu; Sheikh Abdulqadir, imamu wetu; Bwana Chifu; wazee wa Kizingitini, nanyi mliotoka Faza, Siyu na Kiwayu; mama zetu na wake zetu mlio nyuma ya pazia, ambao najua mnasikia vizuri kuliko sisi tulio mbele; ndugu wageni waalikwa, na nyinyi watoto mlioletwa hapa na harufu ya halua: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi Mohdhar bin Hamdun niliingia utarishi wa serikali wakati wa Mfalme wa Waingereza, nikiwa na ndevu nyeusi. Leo natoka wakati wa uhuru wetu, ndevu nyeupe, na cheo ni kile kile. Kama kuna mtu amewahi kutunza kitu cha serikali kisiharibike, basi ni mimi na cheo changu.

Sasa hivi Bwana D.O. amesimama hapa nilipo, akanisifu mpaka nikageuka kutazama nyuma nione anasemwa nani. Kisha akatoa zawadi. Amesema nikishastaafu leo nitapelekwa Mombasa kusomeshwa uongozi, na nikirudi niwe mwenyekiti wa ushirika mpya wa wavuvi. Mmepiga makofi. Rafiki yangu Famau, mnunuzi wa kambamawe, wale kamba wakubwa wa miambani, amepiga mpaka kofia ikamwanguka. Na sasa nyote mnangoja niseme nimekubali.

Ngojeni. Mwendo wangu mnaujua.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka neno la serikali kwa miguu kutoka ofisini hadi Siyu, pengine hadi Pate, na kurudi na jibu. Njiani nilisalimia kila mtu, na kila mtu alinisalimia. Nikirudi huswali Alasiri, huketi barazani kwangu, hushona kofia, na mke wangu Bi Alawiya huniletea kahawa. Baada ya hapo hakuna bin Adamu aliyenidai kitu. Mabwana wakubwa waliopita hapa walinitaka ukarani mara kwa mara, nami nikawashukuru mara kwa mara. Niliwatazama makarani, wakitoka ofisini ofisi inawafuata mpaka kwenye sahani ya wali. Nikauliza moyo wangu: unautaka huo? Ukasema hautaki. Sikuubembeleza.

Aliyeumia kwa hilo alikuwa mama mkwe wangu, Bi Khairiya, Mungu amrehemu. Alikuwa na wakwe watatu, mmoja forodhani Mombasa, mmoja mwalimu mkuu, na mimi. Kila Ramadhani, mbele ya futari, aliniombea dua kwa sauti ili niisikie: “Ya Rabi, mfungulie Mohdhar ndia, apande yuu kama wenziwe.” Nami nikiitikia Amin, kwani dua ya mkwe utaikataaje na uji unapoa? Alipougua, mvua za masika zote, wenye vyeo walileta salamu, na mimi niliyekuwapo ndiye niliyemgeuza kitandani. Siku moja akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Nikasema moyoni, leo nasifiwa. Akaniambia, “Mohdhar, mwanangu, ungekuwa karani godoro hili lingekuwa la sufi njema.” Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka. Tulipendana hivyo hivyo, yeye akitaka niwe mwingine na mimi nikibaki yule yule.

Kwa hiyo nasema wazi mbele yenu: nimechoka na neno “jiendeleze”. Tangu uhuru limekuwa kama mbu, ukilifukuza sikio hili linakuja lile. Sisemi watu wasisome. Mungu awazidishie wanaosoma. Nauliza tu, mtu akisharidhika, amemkosea nani? Kuna aliyelala njaa kwa sababu mimi sikuwa karani? Na huyo ninayetakiwa kumthibitishia kwamba mimi ni mtu, yeye alimthibitishia nani?

Hapa ndipo penye uzito. Juzi Famau alikuja barazani kwangu, nikamtilia kahawa, akaiacha ipoe. Famau kuacha kahawa! Tumekunywa pamoja tangu ujana. Akasema, “Mohdhar, bwana, hili si lako peke yako. Ukikataa, watu wa bara watasema sisi wa visiwani ni wavivu, kazi yetu kukaa baraza, tukipewa cheo hatukiwezi. Ataletwa mwenyekiti kutoka huko mbali, nasi tubaki kunung’unika. Thibitisha kwa ajili yetu sote.” Nikamwambia nitalala nalo. Akainuka, akasema, “Na ukikataa, mimi na kahawa yako basi.”

Nimelala nalo, Famau. Limenikosesha raha, maana cheo siogopi kukikosa, lakini wewe naogopa kukukosa. Jibu langu ni hili. Siwezi kubeba kisiwa kizima mgongoni, nikijikwaa kimejikwaa, nikipumzika kimelala. Bwana D.O. alipoteleza matopeni siku ya kwanza, pale anaposhukia kila mtu kutoka mashuani, je, tulisema watu wa bara hawajui kutembea? Naam, tulisema. Lakini tulikosea.

Naye Bwana D.O. ananicheka, basi nimmalizie na lile la kahawa. Jioni yake ya kwanza nilimkaribisha barazani. Kwetu, kama walivyotufundisha wazee waliotoka Shihiri huko Arabuni, mgeni akimaliza finjani hujaziwa nyingine, na nyingine, mpaka mwenyewe aitikise. Bwana D.O. hakujua. Alidhani kuacha ni utovu wa adabu, akawa anamaliza. Nasi tulidhani kutomjazia ni utovu wa adabu, tukawa tunajaza. Dele zima la kahawa likaisha, Bi Alawiya akabandika jingine huku akisema, “Mgeni huyu ana kiu ya safari.” Asubuhi nilimkuta ofisini macho mekundu kwa kukesha, akaniuliza, “Tarishi, mlikuwa mnataka kuniua?” Nikamwonyesha: bwana, ukitosheka, itikise hivi. Anayemimina haoni vibaya. Hatakuuliza kwa nini, wala hatasema kahawa yake umeidharau.

Bwana D.O., zawadi yako nimeijua uzito wake. Umenimiminia kwa moyo safi, na nakushukuru kwa moyo safi. Lakini mwenyekiti wenu si mimi.

Naomba msiguse viti, sijamaliza. Mnajua adabu yetu: mtu hajiombei cheo. Atamsukuma mwenzake mlangoni, na kumbe mwenye njaa ni yeye. Nani huamka kabla ya muadhini akiwaza bei ya kambamawe? Nani aliwakalisha wenye mashua waliokuwa hawasemezani mpaka wakakubaliana juu ya barafu ya kuhifadhia samaki? Nani, nilipokuwa nasifiwa hapa, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila likitajwa neno ushirika? Famau, usinitazame hivyo. Kuitaka kazi si aibu, kama ambavyo kutoitaka si aibu. Umeniambia nithibitishe kwa ajili yenu sote. Ndugu yangu, wewe huna haja hata ya kuthibitisha. Wewe unaipenda.

Bwana D.O., naona umeinamisha kichwa kukubali. Alhamdulillahi. Wazee, naona nanyi pia. Na huko nyuma ya pazia nimesikia mtu akisema “hatimaye”, na sauti hiyo ni ya mke wa Famau.

Sasa dele hili hapa, na finjani hizi hapa. Nimekuwa nikipeleka maneno ya watu maisha yangu yote. Hili moja ni langu. Famau, finjani ya kwanza ni yako. Ukiiacha ipoe, nitajua nimepoteza rafiki siku moja na kazi. Ukiinywa, nitajua tumeelewana.

Anakuja. Mpisheni. Ameipokea.

Ameimaliza, na bado ameishika wima. Mjazieni, huyu ana kiu, na mjazieni mwaka hata mwaka.

Nami nimekunywa yangu. Ilikuwa tamu, na sikubakisha. Itazameni hii mkononi mwangu, mabwana na mabibi: naitikisa.

Masikio yenu mmenikopesha muda mrefu, ahsanteni sana, nayarudisha. Wassalaam alaykum.